Nani Aliyejaza Uwanja?



Wiki hii mniruhusu nitoke kidogo kwenye njia yetu ya kawaida, manake kuna swali vijana wetu wameniletea na nimeona si vizuri kulijibu tukiwa tumesimama pale mlangoni. Walikuwa wakibishana juu ya mieleka, ile ya Marekani ya kwenye runinga. Mmoja anasema Diesel alikuwa bingwa mbaya kuliko wote kwa sababu wakati wake viti vilibaki wazi. Mwingine anasema huo ni uonevu, mtu hawezi kulaumiwa kwa watu ambao hawakuja, kwani ni yeye aliyewafungia mlango? Halafu wakanigeukia: "Pastor, wewe ulisomea biashara, tuambie."

Najua kuna mama zetu watakaouliza mieleka inatafuta nini katika jarida la kanisa. Lakini sikilizeni vizuri kinachoulizwa hapo. Kila siku tunagawa sifa na lawama kwa mambo yaliyofanywa na wengi. Matokeo ya KCSE yakitoka, mwalimu mkuu anabebwa juu juu kama arusi. Duka likifungwa, anayesemwa ni yule kijana wa kaunta. Tunagawa haraka sana, na mara nyingi tunagawa vibaya. Mieleka ni mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili kwa sababu kule kazi ya kuvuta watu haina mahali pa kujificha.

Tuanze na biashara yenyewe inavyokwenda. Mshindi wa pambano hupangwa kabla. Hii si siri tena. Mwaka 1989 kampuni ya WWF yenyewe iliwaeleza maseneta wa jimbo la New Jersey kwamba kazi yao ni burudani, ili waondolewe kodi na masharti yanayobana michezo ya kweli. Sasa kama ushindi umepangwa, mkanda wa ubingwa una maana gani? Maana yake ni kwamba mwenye kampuni amewatazama watu wake wote akasema, huyu ndiye atakayenijazia ukumbi. Bingwa ni mtu aliyekabidhiwa duka. Ndiyo sababu mashabiki wa kweli hawahesabu ameshinda mara ngapi. Wanahesabu viti.

Kevin Nash, ambaye ulingoni aliitwa Diesel, alikabidhiwa duka tarehe 26 Novemba 1994 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, alipomwangusha Bob Backlund kwa sekunde nane. Akakaa na mkanda karibu mwaka mzima, hadi Novemba 1995 alipoupoteza kwa Bret Hart. Mahudhurio mwaka ule yalikuwa mabaya, na mpaka leo wanaoandika historia ya mieleka humtaja miongoni mwa mabingwa walioingiza pesa kidogo zaidi. Kijana wetu wa kwanza hakudanganya.

Lakini hebu tulitazame duka lenyewe. Hulk Hogan, aliyeibeba kampuni ile miaka ya 80, aliondoka 1993 na mwaka uliofuata akajiunga na WCW, washindani wao. Mwenye kampuni, Vince McMahon, alikuwa ametoka mahakamani Julai 1994 kwa kesi ya dawa za kutunisha misuli. Aliachiliwa, ila jina la kampuni lilikuwa limeshachafuka. Wale watoto waliokuwa wakimpigia Hogan kelele walikuwa wamekua. Na Diesel mwenyewe watu walimpenda akiwa mlinzi mkimya wa Shawn Michaels, jitu la karibu futi saba lisilocheka na mtu. Alipopewa mkanda akaambiwa atabasamu na asalimie watoto, yaani awe Hogan wa pili. Mpe mtu miavuli akauze Kericho, mwingine mpe miavuli ileile akauze Lodwar, halafu mwisho wa mwezi uwaite ofisini uulize nani ana bidii.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Katikati ya 1996 Nash alihamia WCW. Julai mwaka huohuo yeye, Scott Hall na Hogan wakaunda kundi la nWo, na WCW wakaishinda WWF katika runinga kwa wiki zaidi ya 80 mfululizo, hadi Aprili 1998. Mtu yuleyule, urefu uleule, nywele zilezile. Mwaka 1995 anaambiwa hawezi kuvuta hata nzi, mwaka 1996 yumo ndani ya kundi ambalo kila Jumatatu usiku Marekani nzima ilikuwa ikilizungumzia. Kama uvutaji ni kitu kilicho ndani ya mtu, kama damu yake, kilikuwa wapi ile miezi?

Ukifika hapa ni rahisi sana kusema basi, yote ni mazingira, hakuna wa kusifiwa wala wa kulaumiwa. Nimesikia watu wakisema hivyo hata kuhusu maisha yao wenyewe. Mimi sikubali, na sababu yangu ni Steve Austin.

Austin alifutwa kazi na WCW mwaka 1995 akiwa anauguza jeraha, waliona hauziki. WWF wakamchukua, wakampa jina la Ringmaster, na hakuna aliyejali. Halafu Mei 1996, usiku wa mwisho wa Nash na Hall kabla hawajahama, wao na marafiki zao wawili walikumbatiana hadharani katikati ya ulingo wa Madison Square Garden, wema na wabaya pamoja, jambo lililokuwa mwiko. Wawili walikuwa wanaondoka, Michaels alikuwa bingwa, kwa hiyo adhabu yote ikamwangukia wa nne, Hunter Hearst Helmsley. Yeye ndiye aliyekuwa amepangiwa kushinda shindano la King of the Ring mwezi uliofuata. Akanyang'anywa, akapewa Austin. Bahati tupu, mtasema. Kukumbatiana kwa watu wengine ndiko kulikomfungulia mlango.

Ndiyo, mlango ulifunguliwa. Lakini taji lileile mwaka uliotangulia, 1995, alipewa jamaa mmoja mkubwa sana aitwaye Mabel, akapewa na nafasi ya kupigana na Diesel kwenye onyesho kubwa la kiangazi. Mlango uleule, na hakuna kilichotoka. Austin alipovishwa taji alishika maikrofoni akasema maneno ambayo baadaye yalifanywa fulana. (Maneno yenyewe yalikejeli Yohana 3:16, kwa kuwa mpinzani wake usiku ule, Jake Roberts, alikuwa akihubiri Biblia ulingoni. Mimi hayanichekeshi. Ila siwezi kusema hayakuvuta watu.) Hakuna mazingira yaliyomwandikia yale. Kwa hiyo mtu anachangia kitu. Ukimtoa Austin ukaacha kila kitu kingine mahali pake, 1998 haitokei vile ilivyotokea.

Tatizo ni kwamba ukimwacha Austin ukamtoa McMahon, aliyekubali kuwa bosi katili wa kuchukiwa mbele ya kamera, pia haitokei vile. Ukimtoa Mike Tyson, aliyeletwa Boston kwa WrestleMania ya Machi 1998, pengine inachelewa. Hapa ndipo nadhani vijana wetu wote wawili walikosea kwa pamoja. Wanachukulia umati kama keki: tukikata asilimia 60 kwa bingwa, zinabaki 40 za wengine. Lakini umati ni kama chai yetu. Utamu wa chai, asilimia ngapi ni ya maziwa na asilimia ngapi ni ya majani? Ukiondoa majani unabaki na maziwa moto, wala si nusu chai. Vitu vinavyozidishana haviwezi kugawanywa kama vitu vinavyojumlishwa, na nilijifunza hilo darasani muda mrefu kabla sijaliona kazini.

Mfano mzuri zaidi ni WrestleMania ya tatu, 29 Machi 1987, katika uwanja wa Pontiac Silverdome huko Michigan. Kampuni ilitangaza watu 93,173. Watu wanaofuatilia rekodi wanasema walikuwa chini ya 80,000, na ubishi huo haujaisha mpaka leo. (Wenzangu wa huduma mnaopenda kukadiria umati wa mikutano ya injili kwa macho, mimi sijasema kitu.) Hata ukichukua hesabu ya chini, ni bahari ya watu. Na sifa yote huwa inakwenda kwa Hogan, stelingi, kwa sababu alimwinua André the Giant akambwaga.

Sasa fikirieni kwamba mpinzani wa Hogan usiku ule ni mtu wa kawaida. Nani anatoka nyumbani? Watu walikuja kuona jitu ambalo kwa miaka mingi lilitangazwa kuwa halijawahi kushindwa. André alikuwa na ugonjwa wa kukua kupita kiasi, mgongo wake ulikuwa umeshapasuliwa, kusimama tu ilikuwa kazi. Alipanda ulingoni na maumivu yale akaruhusu ainuliwe na kuangushwa, mbele ya watu wote wale, ili mwenzake abaki na jina. Alifariki Januari 1993, miaka isiyofika sita baadaye. Sisi tuliokuwa watoto tulimzomea kwa sababu alikuwa adui. Katika mieleka kama ilivyo katika filamu, bila adui wa kweli stelingi ni mtu anayekimbia peke yake porini, lakini sijawahi kumwona mtoto aliyeomba anunuliwe fulana ya aliyeshindwa.

Mtaniambia, Pastor, haya ni ya mazungumzo tu, yanatusaidia nini? Yanaanza kuwa ya kweli pesa zinapogawanywa. Falsafa inaweza kusema sifa haikatwi vipande, lakini Ijumaa jioni lazima mtu apate hundi yenye tarakimu.

WWF walikuwa na desturi ya zamani: baada ya onyesho promota anaangalia mapato na kuamua nani apate ngapi. Wanamieleka hawakuwa waajiriwa, walihesabiwa kama watu wanaojitegemea, na chama cha kuwatetea hakikuwepo. WCW wakaja na mikataba ya malipo ya uhakika, ujaze ukumbi usijaze utalipwa. Mtindo wa kwanza unampa mwenye kalamu nguvu zote. Wa pili uliwafanya wengine wakae nyumbani wakilipwa, na WCW ilikufa Machi 2001 ikanunuliwa na haohao washindani wake. Sioni kama mtindo wowote kati ya hiyo miwili ulijua kupima nani amevuta watu.

Jesse Ventura alijaribu kuipima mahakamani. Alikuwa mtangazaji wa WWF, sauti yake ilikuwa kwenye kanda nyingi za video ambazo kampuni iliziuza bila kumpa fungu. Kampuni ikapinga kwamba anastahili fungu. Mwaka 1994 baraza la mahakama likamkubalia Ventura, akapewa zaidi ya dola 800,000. Miaka minne baadaye akachaguliwa gavana wa Minnesota, ambayo ni hadithi nyingine. Ninachokipenda katika kesi ile ni kwamba hakuna aliyehitaji kuthibitisha kuwa yeye ndiye aliyewavuta wanunuzi. Ilitosha kwamba walitumia kazi yake na wakafaidika nayo.

Na hapo naona jibu langu la kwanza kuhusu Diesel. Nash hakuchagua miji, hakupanga bei ya tiketi, hakuchagua wapinzani (Mabel hakujiteua mwenyewe), hata tabasamu alipewa. Maamuzi hayo yote yalikuwa ya mtu mwingine, na faida ingepatikana ingekuwa ya mtu huyohuyo. Ukumbi ukijaa tunaambiwa ni ukuu wa kampuni; ukibaki tupu tunaambiwa ni udhaifu wa bingwa. Mimi nasema lawama ya viti vitupu imfuate aliyeshika maamuzi na faida. Mwanamieleka alaumiwe kwa pambano bovu, kwa uvivu, kwa kuja ulingoni amelewa, na wako wengi wa kulaumiwa hivyo. Hayo yako mikononi mwake. Wale waliobaki nyumbani hawako mikononi mwake.

Lakini swali lina upande mwingine, na huo vijana hawakuuliza kabisa. Wanabishana kama amevuta au hakuvuta. Amewavuta kwa chambo gani?

Wengi wenu mnamkumbuka Kamala, "jitu la Uganda": tumbo kubwa lililopakwa nyota na mwezi, uso wa rangi, mkuki, miguu mitupu, haongei lugha ya watu. Walimtangaza kuwa aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Jina lake halisi ni James Harris, Mmarekani mweusi kutoka familia maskini ya mashambani Mississippi. Huyo Kamala alibuniwa Memphis mwaka 1982 na mapromota wa huko. Na alivuta watu, hilo halina ubishi. Alipigana na Hogan, alipigana na André, kumbi zikajaa. Walijaa kuja kuona nini? Kuja kuona Mwafrika mla watu. Picha ile ilisafiri ikarudi mpaka huku kwetu, Waganda wako hapo jirani na tunawajua, na bado tulikaa mbele ya runinga tukacheka.

Ukisema anastahili sifa ya umati, basi umempa na lawama ya kilichouvuta. Huwezi kupokea moja kwa mkono wa kulia ukaikataa nyingine kwa wa kushoto. Hata hivyo lawama nayo ina uzito tofauti kwa kila mtu. Harris alikuwa na njia chache. Waliombuni walikuwa na nyingi, wangeweza kumpa jina lolote. Na sisi tuliolipa au kutazama tulikuwa na uhuru kuliko wote, kwa sababu hakuna aliyetushika miguu. Hilo la watazamaji huwa linasahaulika sana. Tunasema fulani "alivuta" watu kana kwamba watu ni ng'ombe wenye kamba shingoni. Walitembea wenyewe, na pesa walitoa mfukoni mwao.

Mwaka 1992 Harris alikuwa kwenye orodha ya SummerSlam katika uwanja wa Wembley, London, watu kama 80,000. Alipigana na Undertaker. Baadaye alieleza kwamba malipo yake usiku ule yalikuwa sehemu ndogo sana ya yale aliyosikia mwenzake amepata, na kwamba hilo lilimuuma. Mtu anaweza kujibu kwamba Waingereza walikuja kumwona mtoto wao, Davey Boy Smith, akimshinda Bret Hart, na ni kweli walikuja kwa hilo. Lakini nimeshasema juu ya chai. Kisha Harris akaondoka, akaendesha malori, kisukari kikamchukua miguu yote miwili, na akafariki 2020. Lawama ya ile picha ilibaki na uso wake, kwa sababu ndio uliopakwa rangi. Sehemu kubwa ya pesa ilibaki kwingine.

Ukimwambia mtu kila wiki kwamba thamani yake ni viti, atatafuta vya kuvijaza. Mei 1999 huko Kansas City, Owen Hart, mdogo wake Bret, alikuwa akishushwa kwa waya kutoka kwenye paa la ukumbi ili kuingia kwake kuwafurahishe watu. Waya ukafunguka, akaanguka ulingoni, akafa. Onyesho likaendelea usiku uleule. Mwaka uliofuata kampuni ililipa familia dola milioni 18 nje ya mahakama.

Najua sisi pia tunahesabu vichwa kila Jumapili. Wahudumu wa milango wananiletea karatasi kabla hata sijafika ofisini, na kuna Jumapili karatasi ile imenipandisha kichwa na kuna Jumapili imenilaza na njaa. Wakorintho walishagombana juu ya Paulo na Apolo kwa namna inayofanana sana na vijana wetu, na Paulo hakuchukua upande, hata upande wake mwenyewe. Someni sura ya tatu ya waraka wa kwanza mkifika nyumbani.

Kwa upande wa mieleka, mtu ninayemfikiria nikiulizwa nani alifanya kazi yake vizuri ni Bret Hart, ambaye miaka yake ya ubingwa huko Marekani haikuwa ya kumbi kubwa. Anachojivunia zaidi hakina tarakimu za tiketi: kwamba katika miaka yake yote ya kuinua na kuangusha watu, hakuna mpinzani aliyetoka mikononi mwake ameumizwa vibaya. Goldberg, aliyejaza watu kama 40,000 katika uwanja wa Georgia Dome Julai 1998, alimpiga teke la kichwa Desemba 1999. Bret aliendelea wiki chache akiwa na jeraha la ubongo bila kujua ukubwa wake, na kufikia mwisho wa mwaka 2000 alikuwa ameacha kazi kabisa.